Vikombe vya Ndunge

Jumamosi, 7 Machi

Nimekaa kimya mno. Mara ya mwisho niliandika humu wiki tuliyomzika mke wangu Ndunge. Kisha nikakifunga kitabu na kukitia katika sanduku la nguo zake. Kuiomba karatasi radhi ni upuuzi, lakini naomba. Niliyezoea kumwambia mambo yangu hayupo. Nimebaki na karatasi.

Leo nimeandika ubao wa duka tena. Kila Jumamosi, baada ya chai ya saa nne, Mumbua hunipa chaki. Binti yangu hana mwandiko. Wiki ya kwanza aliandika Ureno kwa herufi ndogo. Nilipita nikauona ubao, nikashindwa kuendelea na safari yangu, nikafuta nikaandika upya. Tangu siku hiyo kazi ni yangu. "Kuonja leo kuanzia saa kumi na moja jioni. Divai nyekundu ya Uhispania. Divai nyeupe ya Italia. Bei ya mtu wa kawaida." Watu wa mtaa huu wa Umoja waliosoma kwangu wanaujua mwandiko huo wakiwa ng'ambo ya barabara. Washiriki wa kanisa langu wanaujua pia.

Duka ni chumba cha mbele, kile tulichoongeza ili Ndunge apate mahali pa kushonea sare za shule. Cherehani yake ingali pembeni. Juu yake sasa pamepangwa chupa. Mumbua alirudi kutoka nchi za Ghuba kumzika mama yake. Huko alikuwa akihudumu mezani katika hoteli, akajifunza divai jinsi wengine wanavyojifunza magari. Nilimsihi asirudi huko. Akasema atabaki nikimpa chumba cha mbele. Nikakubali upesi. Nilidhani atashona.

Mimi ni mzee wa kanisa, na kanisa letu halitaki kileo. Sijawahi kukionja. Nilimwekea Mumbua sharti moja: chupa isivuke mlango wa kati. Upande wa huku ni sebule na kabati la Ndunge. Katika kabati imo trei ya vikombe vya Meza ya Bwana, vile vidogo vya kioo. Ndunge ndiye aliyeviosha kila baada ya Meza tangu tulipohamia hapa. Alipofariki hakuna aliyekuja kuvichukua, nami sikuvipeleka. Naviosha mimi. Maji ya moto, kimoja kimoja, kitambaa cheupe.

Naona aibu kwa duka hili. Naogopa pia kwamba Mumbua ataondoka. Hofu ni kubwa kuliko aibu, ndiyo maana naandika ubao.

Jumapili, 8 Machi

Kamande alinisubiri langoni baada ya ibada. Ni mwenyekiti wa kikao cha wazee, muuza misumari na mabati, rafiki yangu tangu watoto wetu walipokuwa wakishikana mikono kwenda shule. Alisifu mwandiko wangu. Alisema ameuona akipita barabarani. Hakuongeza neno.

Afadhali angeongeza.

Jumamosi, 14 Machi

Walikuja wengi. Mumbua humimina kidogo, kiasi cha kulowesha ulimi, na kila divai huipa mwenzake wa kutafunwa. Leo nyeupe ya Ureno aliipatia dagaa wa omena wa kukaanga. Nyekundu ya Uhispania aliipatia mutura, utumbo uliojazwa nyama, kutoka kwa mchomaji wa kona. Anawaambia kwamba divai ya bei nafuu haina aibu ikiketi karibu na chakula kinachoifaa. Alipokuwa akisema hivyo nilimsikia mama yake akimweleza mteja kitambaa.

Mimi hukaa kwenye kiti mlangoni. Mtoto haingii. Mlevi haingii. Lugha ya wateja hunichoma masikio. "Hii waini imeweza," wanasema. Sijui imeweza nini. Nimeacha kuuliza.

Mama Shiku anauza mboga mbele ya lango letu na ni mshiriki mwenzetu. Husema anakuja kuangalia tu. Leo alionja ile nyeupe, akakunja uso mzima, akanigeukia mimi badala ya muuzaji. "Mwalimu, hii ni ya kushushia omena ama ni ya kuosha kidonda?" Makanika wa gereji ya jirani akamjibu kabla yangu. "Mathee, hiyo ni kali kama salamu ya landilodi mwisho wa mwezi."

Walicheka wote. Mumbua alicheka hata akashika cherehani asianguke. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mazishi. Nilicheka nami. Kisha nikatoka nje nikasimama peke yangu, kwa sababu mzee wa kanisa alikuwa ameketi mahali pa kileo na moyo wake ulikuwa mwepesi.

Jumapili, 22 Machi

Sikwenda kanisani. Nimetuma ujumbe kwamba nina homa. Sina homa.

Niandike kama ilivyokuwa.

Jana mvua ilishuka katikati ya kuonja. Wapita njia wakaingia kujikinga, duka likafurika. Mumbua hakumfukuza mtu. Alisema mvua imemletea wateja. Lakini glasi zake ni chache, zikaanza kuzunguka mdomo kwa mdomo. Mtu mmoja alikuwa na kikohozi kizito. Akanywa, akampa wa pili, wa pili akanywa bila hata kupangusa. Nikasema glasi zioshwe. Hakuna aliyesikia, mvua ilikuwa ikipiga mabati.

Uchafu siuwezi. Nilifundisha watoto kunawa mikono kabla ya kuwafundisha irabu. Nikainuka. Nikavuka mlango wa kati, nikafungua kabati, nikarudi na trei.

Sikufikiri. Sitafuti udhuru, nasema tu kilichokuwa kichwani mwangu. Niliona vikombe vidogo, safi, vya kutosha watu wote, kila mtu na chake. Kazi hiyo naijua. Nimeibeba trei hiyo kati ya viti vya kanisa Jumapili nyingi, mkono wa kushoto chini, wa kulia ukingoni, nikianzia mstari wa mbele. Jana niliibeba vivyo hivyo.

Mumbua alinitazama, chupa mkononi. "Baba, una hakika?"

"Vimeoshwa," nikamwambia.

Akamimina. Nikapita navyo. Watu wakapokea kwa utaratibu, sauti zikashuka. Nadhani trei ndiyo iliyowashusha. Nilifurahi kwamba hatimaye pana adabu. Niliona fahari. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, fahari.

Nikamfikia Mama Shiku. Alinyoosha mkono, akachukua kikombe, akainamisha kichwa. Akaanza kufumba macho kama afanyavyo kanisani. Kisha akayafumbua. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi. Akakirudisha kwenye trei kikiwa kimejaa, akajitanda leso kichwani, akatoka akaingia mvuani.

Hapo ndipo nilipoona nilichokibeba.

Kanisani vikombe hivi hutiwa maji ya zabibu. Havijawahi kuonja kileo. Nimeviosha asubuhi yote. Harufu haitoki. Au imekwisha toka na pua yangu ndiyo isiyokubali.

Jumatatu, 23 Machi

Nimeviosha tena. Mumbua ameniambia vitapasuka kwa maji hayo ya moto. Nimechemsha mengine.

Jumatano, 25 Machi

Kamande amekuja. Hakukaa kwenye kiti chake cha siku zote, alikaa karibu na mlango wa nje.

Kumbe siku ile aliingia mshiriki mwingine kujikinga mvua. Aliviona vikombe mikononi mwa watu. Hakuona vilikotoka. Habari imezunguka kanisa zima kwamba binti wa Mwalimu alichukua vyombo vya Bwana akawanyweshea watu pombe. Kamande alisema amekuja kwanza kama rafiki. Akaniuliza kama nilikuwapo.

Nilifungua kinywa. Naapa nilikifungua.

Mumbua alitokea kwenye mlango wa kati, akasimama pale pale, akamwamkia. Akasema, "Ni mimi, Mzee. Baba alikuwa amejilaza. Glasi zilipungua, nikachukua zilizokuwa karibu."

Kamande akanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema. Nilitazama sakafu. Kamande akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alitaka iwe hivyo. Akanishika bega wakati wa kuondoka.

Nilinyamaza. Mimi, niliyekuwa nikimsimamisha mtoto mbele ya darasa kwa kifutio alichoazima asikirudishe.

Alhamisi, 26 Machi

Nilimfuata Mumbua dukani nikamuuliza ni nani aliyemtuma kunisemea uongo. Nilifoka. Alikuwa akifuta chupa vumbi, hakuacha. Alisema, "Baba, mimi nina miguu. Wewe una kanisa tu."

Kisha akaniuliza ningependa Kamande amsikie nani, yeye au mimi. Aliniambia jibu langu alilisikia jana nilipokuwa nimekaa kimya.

Hatujala pamoja leo.

Jumamosi, 28 Machi

Hapakuwa na kuonja. Sikuandika ubao, Mumbua hakuniomba.

Kikao kilikaa jana bila mimi. Kamande alinipigia simu kunieleza, sauti yake laini, kama mtu anayeleta habari njema. Duka lifungwe. Mumbua aondoke katika nyumba ya mzee wa kanisa kabla ya Pasaka. Nikitekeleza hayo, hakuna atakayeninyooshea kidole, na Jumapili ya Pasaka nitahudumu Mezani kama kawaida. Vikombe nivirudishe siku ya Ijumaa Kuu. Havitatumika tena. Wameamua kununua vya plastiki, vya kutumia na kutupa.

Vya kutupa. Ndunge alijua kipi kina ufa mdogo kwenye ukingo, akakiweka mwisho wa safu ili asikipate mtoto wala mzee.

Saa kumi na moja watu walikuja wakakuta mlango umefungwa. Makanika aliniita kupitia dirisha. "Mwalimu, leo hakuna darasa?" Nikamwambia hakuna. Akauliza kama Mumbua ni mgonjwa. Nikasema hapana. Akasimama kidogo akinitazama, akaenda zake.

Mumbua amewaandikia wale wa hoteli ya Ghuba. Wamemjibu upesi. Wanamtaka. Sanduku liko sebuleni, limefunguliwa, halijajazwa. Kila nikipita naligonga kwa mguu.

Nimekata tamaa. Nisiposema, namfukuza mtoto kwa kosa langu. Nikisema, wataniondoa kwenye uzee wa kanisa, labda na kwenye Meza yenyewe. Na huenda nikasema na bado duka likafungwa, kwa sababu kosa likiwa langu, duka bado ni duka. Basi nitakuwa nimepoteza kanisa na binti kwa pamoja.

Wanaume wa kanisa hilo ndio waliolibeba jeneza la Ndunge. Nilijua tangu siku ile ni nani watakaonibeba mimi. Sasa sijui.

Jumapili, 29 Machi

Nilikwenda. Niliketi mahali pangu, mbele, na wazee. Walinisalimu kwa mikono miwili. Mama mmoja aliniambia pole, watoto wa siku hizi ni mtihani. Nikasema asante.

Nilisema asante.

Jumatatu, 30 Machi

Mama Shiku alileta mboga ya sukuma. Hana desturi ya kuleta, mimi ndiye huteremka kununua. Aliikata mwenyewe jikoni kwetu, polepole, akiwa amenipa mgongo. Nilidhani amekuja kumsema Mumbua. Nikajiandaa kunyamaza tena, kwa maana naona nimekuwa hodari wa kunyamaza.

Alisema bila kugeuka, "Mwalimu, mimi niliuona mkono ulionipa kikombe."

Nikashika ukingo wa meza.

Hakumwambia mtu. Wamemuuliza, kwa sababu wanajua huwa hapa Jumamosi, naye amewajibu kwamba macho yake ni ya kuchagua nyanya. Nilimuuliza kwa nini. Akasema si kazi yake kunisemea, kwamba binti yangu tayari amenisemea vya kutosha. Alikuwa akinisubiri mimi. Alinisubiri jana tangu wimbo wa kwanza hadi baraka.

Nilijaribu kumweleza habari ya glasi na kikohozi. Alisikiliza yote. Kisha akasema kwamba lililomshtua kwenye trei lilikuwa jambo jingine. Ni kwamba kabla hajakitambua kikombe alikuwa ameanza kuomba. Alisema tangu Ndunge aondoke hajawahi kuomba vizuri hivyo, na ilikuwa katika duka la pombe, na hajui amwambie nani.

Akaosha kisu, akaenda kwenye nyanya zake.

Sukuma ilikuwa nyingi kwa mtu mmoja. Nilimwita Mumbua, tukala. Tulikula kwenye sahani moja ya ugali.

Jumanne, 31 Machi

Nilitembea hadi dukani kwa Kamande. Palikuwa na wateja wanaopima nyaya. Alifurahi kuniona, akaagiza chai. Nilikunywa chai yake. Tukazungumzia mvua na mabati. Nikarudi.

Mwoga. Sioni neno jingine, na nimelitafuta.

Mumbua amejaza nusu ya sanduku. Chini kabisa ameweka mkasi wa mama yake.

Alhamisi, 2 Aprili

Kumetulia. Mvua imekatika tangu asubuhi.

Tumeosha vikombe kwa mara ya mwisho. Mimi nilisugua, Mumbua alipangusa. Alikuta kile chenye ufa, akakiweka mwisho wa safu. Sikuwa nimemwambia. Mama yake lazima alimfundisha akiwa mdogo, nami sikujua.

Alasiri alikwenda upande wa dukani akamimina kidogo katika glasi, ile nyekundu ya Uhispania, iliyobaki. Akaja nayo hadi mlango wa kati akasimama. Hakuvuka. Bado analishika sharti langu, hata leo. Akaniambia kwamba tangu afungue duka nimeandika majina ya divai hizi zote kwa mwandiko mzuri na sijawahi kuuliza hata moja ikoje.

Nikasimama upande wangu wa mlango. Akanyoosha mkono, nikainama, nikanusa. Sikunywa. Nilitegemea harufu ya dhambi, ile niliyoisugua kwenye vikombe wiki nzima. Nilipata zambarau zilizoiva, na kitu kama mafuta ya cherehani. Nikamwambia. Akasema, "Umepatia, Baba. Kuna watu huko walilipa pesa nyingi na hawakupata hata zambarau."

Alitabasamu kidogo. Kisha akaniuliza kama aandike ubao wa Jumamosi au auuze pamoja na viti. Nikamwambia aache ubao mahali ulipo.

Vikombe viko kwenye trei, vimefunikwa kwa kitambaa cheupe. Kesho nitavibeba kanisani. Baada ya ibada wazee watakaa, na Kamande ameniahidi kwamba atauliza kama nina neno. Anatarajia niseme sina. Mama Shiku atakuwa mstari wa tatu, mahali pake.

Sanduku bado liko wazi sebuleni. Ubao umeegemea cherehani, umefutwa. Chaki imo mfukoni mwa koti nitakalovaa kesho. Sijui niliitia saa ngapi.

Nikishaamua, nitaandika.